Nipe Mji: Kitendawili, Kidokezo na Ubora wa Riwaya ya Upelelezi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya ya upelelezi imekuwa kama mgeni anayekaribishwa barazani lakini haingizwi ndani. Hutajwa katika kila historia ya riwaya, maana haiwezekani kutotajwa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58, ikachapishwa 1960, na imo miongoni mwa nguzo za mwanzo za utanzu huu katika lugha yetu. Hata hivyo, ikishatajwa hutiwa katika chumba kiitwacho 'riwaya pendwa', na ufunguo ukageuzwa. Mashtaka dhidi yake huwa mawili. La kwanza ni kwamba riwaya ya namna hii haina ila burudani, kwa hiyo haistahili jicho la mhakiki mzito. La pili ni kwamba ni uigaji mtupu, kwamba Bwana Msa si mwingine bali ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja.

Azma ya makala haya si kuitetea kila hadithi yenye maiti katika sura ya kwanza na pingu katika sura ya mwisho. Nyingi ni mbovu, na ubovu wake hauhitaji darubini. Swali linalotangulia ni jingine: iliyo nzuri ni nzuri kwa sababu gani? Mashtaka mawili yaliyotajwa hayasaidii kulijibu, kwani yote mawili hukihukumu kijitanzu kizima kabla ya kufungua kitabu kimoja. Mhakiki anayesema 'hii ni ya upelelezi, basi ni nyepesi' hajasema lolote kuhusu kwa nini Abdulla husomwa tena na tena ilhali waigaji wake wengi husomwa mara moja garini na kuachwa kitini.

Kipimo kinachopendekezwa hapa hakikutoka London. Kimo katika mchezo ambao watoto wa Kiswahili, na wa jamii nyingine nyingi za Afrika Mashariki, wameucheza jioni kabla ya kulala. Mtegaji husema 'Kitendawili', hadhira hujibu 'Tega'. Hapo hutega: kuku wangu katagia miibani. Hadhira hubahatisha, huyu akisema hili na yule akisema lile, na ikishindwa kabisa mtegaji hudai apewe mji. Hupewa Mombasa au Lamu au Tanga, akasafiri huko kwa maneno, akarudi na jibu: nanasi.

Kitendawili hiki kidogo kina fani yote ya riwaya ya upelelezi. Neno 'kuku' ni la kupotosha, humpeleka msikilizaji bandani. Neno 'miibani' ni kidokezo, humwita shambani, lakini kwa kuwa kuku ameshamshughulisha, mwito huo hausikii. La muhimu ni kwamba maneno yote mawili ni ya kweli ndani ya mantiki ya fumbo. Mtegaji hakudanganya popote. Na jibu likishatolewa, hadhira hulirudia fumbo neno kwa neno na kuona kwamba jibu lilikuwamo tangu mwanzo, limekaa waziwazi. Ile 'kumbe!' inayotoka vinywani ni furaha ya kugundua kwamba mtu alionyeshwa na hakuona. Lau mtegaji angerudi safarini na kusema kwamba jibu ni mnazi, hadhira ingegoma na kudai mji wake urudishwe. Watoto wa miaka saba wana uhakiki huu. Inashangaza kwamba wachapishaji wa miswada ya riwaya hawakuwa nao kila mara.

Kwa kipimo hicho, riwaya nzuri ya upelelezi ni ile ambayo msomaji, baada ya kupewa jibu, anaweza kurudi kwenye kurasa za mwanzo na kulikuta huko. Kumficha muuaji ni kazi rahisi: mwandishi yeyote anaweza kumtoa mtu asiyetajwa popote katika ukurasa wa mwisho na kumtwisha hatia. Kazi ngumu ni kumwonyesha muuaji mbele ya macho ya msomaji, na msomaji akamwona asimtambue. Tofauti ya kuficha na kuonyesha kwa namna ya kutotambulika ndiyo tofauti ya hila na sanaa, na ndipo waandishi wengi wa kijitanzu hiki wanapoanguka.

Nje ya Kiswahili, mgogoro kuhusu haki hii ya msomaji una historia. Mwaka 1928 mwandishi wa Kimarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20 za hadithi ya upelelezi, na mwaka 1929 Ronald Knox wa Uingereza akatoa zake 10. Nyingi ya kanuni hizo ni za kuchekesha leo, na moja ya Knox, inayokataza Mchina asiwepo hadithini, husomeka vibaya hata ikielezwa kwamba alikuwa akizikejeli hadithi za bei rahisi za zama zake. Lakini kiini cha kanuni hizo ni kile cha kitendawili: kila kidokezo anachokiona mpelelezi sharti msomaji naye akione. Jaribio kubwa la kanuni hiyo lilikuwa limekwisha kufanywa na Agatha Christie mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, ambamo daktari anayesimulia hadithi ndiye muuaji mwenyewe. Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba wamepunjwa. Ukweli ni kwamba daktari huyo hasemi uongo juu ya usiku wa mauaji. Anaziruka dakika chache tu, na pengo hilo limo kwenye ukurasa kwa yeyote atakayelitazama. Christie alidai mji wake kwa halali.

Ama kuhusu shtaka la uigaji, ni kweli kwamba umbo la riwaya hii lina tarehe na mahali. Edgar Allan Poe alichapisha The Murders in the Rue Morgue mwaka 1841, na Arthur Conan Doyle akamleta Holmes katika A Study in Scarlet mwaka 1887. Abdulla aliwasoma waandishi wa namna hiyo, na hapana faida kukana. Bwana Msa ana akili kali ya kupekua mambo, ana mwenzake Najum ambaye huona kila kitu na kukielewa kombo, na ana Inspekta Seif wa polisi ambaye huhitaji kusaidiwa. Lakini umbo si roho. Kufikiri kwa kufuata dalili hakukuletwa pwani na vitabu vya Kiingereza. Wasomaji wa Abdulla walikuwa wamekwisha kulelewa na kisa cha Nabii Yusufu, ambacho ndani yake mna mashauri mawili ya ushahidi, na yote mawili yahusu kanzu. Katika la kwanza ndugu zake wanamletea baba yao kanzu yenye damu, wakidai Yusufu ameliwa na mbwamwitu, na wafasiri wa kisa hiki husema mzee alishuku kwa kuwa kanzu ilikuwa na damu lakini haikuwa na tundu. Katika la pili, Yusufu na mke wa bwana wake wanashtakiana, na shahidi anatoa kanuni: kanzu ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, ni mwongo. Imechanwa nyuma. Holmes mwenyewe asingeongeza neno. Msikilizaji aliyezoea hoja ya kanzu ya Yusufu tangu chuoni hakuhitaji kufundishwa na Baker Street maana ya dalili.

Basi la kuuliza juu ya Abdulla ni alichokifanya na umbo alilolikuta. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, tajiri mwenye ardhi anauawa na maiti yake inapatikana mahali pa mzimu. Tangu hapo, hofu ya watu inakuwa sehemu ya kesi. Katika riwaya ya Kiingereza ya chumba kilichofungwa, kizuizi cha uchunguzi ni kufuli na dirisha. Kwa Abdulla kizuizi ni imani: watu hawataki kuuliza kwa sababu wanadhani wanajua jibu. Hili ni badiliko kubwa la umbo lenyewe, na halimo kwa Doyle kwa uzito huu. Ni kweli kwamba mbwa wa Baskerville naye alidhaniwa kuwa wa kishetani, lakini hofu ile ni ya ukoo mmoja katika nyumba moja. Hofu ya mzimu ni ya jamii nzima, ina adabu zake na miiko yake, na anayeihoji anahoji wazee. Kisima cha Giningi, iliyotoka 1968, inaendeleza njia hiyohiyo tangu jina lake, maana Giningi katika imani za Unguja ni makazi ya wachawi.

Kanuni ya Knox inayokataza nguvu za kimiujiza hupata maana nyingine hapa. Kwa msomaji wa Uingereza wa 1929, kuukataza uchawi hadithini kulikuwa kukataza kitu ambacho hakukiamini. Kwa msomaji wa Unguja au wa pwani ya Kenya, wakati ule na hata leo, uwezekano wa uchawi haujafungwa kabisa, na kwa hiyo mwandishi hawezi kuutupa nje kwa amri. Inambidi aushinde hadithini, kwa ushahidi, mbele ya wahusika wanaouamini. Abdulla alilielewa jambo hili. Katika kurasa zake bora maelezo ya kimzimu hupewa nafasi yake kama maelezo, yakashindwa kwa kuwa hayatoshi. Pasipo hivyo, ushindi wa akili ya Bwana Msa ungekuwa wa bure.

Hata hivyo ushindi huo una doa. Mara nyingi akili imewekwa upande wa muungwana wa mji, na ujinga upande wa mtumishi na mtu wa shamba. Mzimu uliandikwa kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, riwaya nyingine za Bwana Msa zilitoka baada yake, na mhakiki ana haki ya kuuliza kwa nini mgawanyo huo wa akili haukutikisika sana. Wahakiki wa mkondo wa Kimarx wa miaka ya 70 na 80 wangelijibu swali hilo kwa maneno mawili, wakaendelea na safari. Jibu lao lisingekuwa la uongo, ila lingekosa jambo la kifani. Mwandishi anayewaona baadhi ya wahusika kuwa wajinga kwa asili huwapunguzia uwezo wa kuwa washukiwa. Mtumishi asiyeweza kufikiri hawezi kupanga njama. Hivyo idadi ya wanaoweza kuwa wauaji hupungua, na msomaji mwerevu hulijua hilo mapema. Ubaguzi wa kitabaka, licha ya kuwa kosa la kimaadili, ni kosa la msuko pia.

Kosa jingine la Abdulla ni uchoyo wa mpelelezi. Bwana Msa hupenda kuondoka peke yake, akarudi anajua jambo asilolisema, na Najum akabaki kulalama kwa niaba ya msomaji. Baadaye, katika maelezo marefu ya mwisho, hutolewa mambo ambayo hakuna awezaye kuyakuta akirudi nyuma. Huku ni kudai mji kabla ya kutega. Kwa bahati njema si hali ya daima, na pale anapojizuia Abdulla hufanya jambo ambalo hakuna mwigaji wake aliyelifikia: hutumia lugha yenyewe kama mahali pa kufichia.

Hapa ndipo hoja ya makala haya ilipo, na inastahili kukaliwa. Poe aliwahi kuligusa jambo hili. Katika Rue Morgue mashahidi wa mataifa mbalimbali wanasikia sauti nyembamba nyuma ya mlango, na kila mmoja anashikilia kwamba ilikuwa lugha ya kigeni, lugha ambayo yeye haijui. Mpelelezi anatambua kwamba hapana hata mmoja aliyesikia neno, na kumbe sauti ilikuwa ya nyani. Hicho ni kidokezo kizuri kuliko alama za viatu, kwa kuwa ushahidi umo katika namna watu wanavyosema, wala haukuokotwa sakafuni.

Kiswahili kina hazina ya vidokezo vya aina hiyo ambayo haijachimbwa ipasavyo. Chukua nafsi ya tatu. Shahidi anaweza kusema: alikuja baada ya magharibi, akaketi kidogo barazani, akaondoka bila kuaga. Sentensi hiyo imekamilika, ni ya kawaida, na haisemi kama aliyekuja alikuwa mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza au wa Kiarabu akitaka kuficha jinsia ya mtu humlazimu kupinda lugha, na kule kupinda humshtua msomaji. Mwandishi wa Kiswahili hahitaji kupinda chochote. Anaandika kama watu wanavyosema, na msomaji mwenyewe, kwa mazoea yake juu ya nani hutembea usiku na nani hakai barazani, anaijaza jinsia isiyokuwapo. Akirudi nyuma hukuta kwamba hakudanganywa. Alijidanganya, na chombo cha kujidanganyia kilikuwa desturi. Ndivyo pia maneno ya ukoo yalivyo. 'Ndugu' aweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, au mtoto wa ami. 'Mama' aweza kuwa mzazi au mama mdogo aliyelea. Katika hadithi ambazo sababu ya mauaji ni mirathi, na katika visiwa na pwani sababu hiyo haiko mbali, tofauti ya ndugu na ndugu ni tofauti ya mrithi na asiyerithi.

Saa na siku nazo zina mitego yake. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya wazee wa pwani, ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku huanza jua linapokuchwa. Kwa karani wa polisi aliyesomea hesabu ya kizungu, Ijumaa usiku ni ule unaofuata. Shahidi mkweli na karani mwaminifu wanaweza kuandika taarifa isiyo kweli, na mtu mwenye hatia akapata mahali pa kujificha kati ya kalenda mbili. Barua isiyo na jina nayo humsaliti mwandishi wake. Anayeandika 'ndia' badala ya 'njia' amekwisha kutaja upande wa pwani alikolelewa, na katika zama ambazo wazee wengi waliandika kwa hati za Kiarabu, barua ya hati za Kirumi ilikuwa inasema jambo kuhusu umri na shule ya aliyeiandika.

Desturi za msiba ni shamba jingine. Maiti ya Mwislamu huzikwa upesi, pengine siku ileile, kwa hiyo mtu wa kwanza kuona jeraha si daktari bali ni mwoshaji, na mwoshaji ana adabu ya kusitiri aliyoyaona. Hapo pana mgongano wa kweli kati ya sitara na haki, ambao mwandishi hodari angeweza kuujengea riwaya nzima. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, muda ambao mienendo yake inajulikana na kila jirani, na kwa hiyo lolote lisilo la kawaida huonekana. Sheria ya mirathi ya Kiislamu haimrithishi muuaji mali ya aliyemuua. Maana yake ni kwamba anayeua kwa ajili ya urithi hatafuti tu kuiepuka kamba, bali asipositirika hata kile alichokiulia hukikosa. Mambo haya si mapambo ya mandhari. Ni mitambo ya msuko, na mwandishi anayeyaacha ili kufuata alama za vidole na risasi anaiacha mali yake na kwenda kukopa kwa jirani.

Abdulla, tangu Duniani Kuna Watu ya 1973 na Siri ya Sifuri ya 1974 hadi Mke Mmoja Waume Watatu ya 1975, alizidi kuelekea huko. Mafumbo yake huvutwa na nasaba na ndoa: nani ni nani kwa nani. Mhakiki anayejua mchezo wa Mfalme Edipode, ambao Samuel Mushi aliufasiri kwa Kiswahili, atatambua kwamba fumbo la nasaba ni kongwe kuliko polisi, na kwamba uchunguzi wa mauaji waweza kuishia mlangoni kwa mchunguzi mwenyewe. Abdulla hakufika huko. Alimlinda sana Bwana Msa wake. Hata hivyo riwaya ya mwisho miongoni mwa zinazojulikana zaidi, ya 1984, aliipa jina Kosa la Bwana Msa, na ni jambo la kutia moyo kwamba shujaa asiyekosea aliruhusiwa hatimaye kulibeba neno hilo juu ya jalada.

Waliomfuata walichukua njia nyingine, na hawahitaji kukaliwa sana hapa. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo ya 1965 alilihamishia fumbo mjini, kwa Inspekta Wingo, askari wa mshahara. Mji ni mahali ambapo jirani hamjui jirani, na simu ni sauti isiyo na uso. Hilo lilikuwa wazo jipya na la busara, na riwaya ile bado inavuta. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, alimleta Willy Gamba, jasusi anayepambana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kumpima Gamba kwa kipimo cha kitendawili ni kumwonea. Msomaji wake haulizi ni nani aliyefanya. Anauliza kama Gamba atatoka salama, na taharuki ya namna hiyo ina kanuni zake. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake wamesimama katikati, na hapo ndipo penye shida. Lugha ya Mtobwa ina mbio na wepesi ambao Abdulla hakuwa nao, na Dar es Salaam yake ina harufu na kelele. Lakini aghalabu fumbo hutegwa kama la Bwana Msa, kisha likafunguliwa kama la Gamba, kwa ngumi na bastola na bahati. Msomaji aliyekuwa akihesabu vidokezo hubaki na hesabu mkononi.

Lipo suala moja ambalo wahakiki wa kijitanzu hiki hapa Kenya hawajalikabili vya kutosha, nalo ni la mwisho wa hadithi. Tzvetan Todorov alionyesha katika makala yake ya 1966 kwamba riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili, ya uhalifu iliyokwisha kupita na ya uchunguzi inayoendelea, na ya pili huishia pale inapoifikia ya kwanza. Mpango huo unachukulia jambo moja kuwa la hakika: kwamba ukweli ukijulikana utatajwa, na ukitajwa utafanyiwa kazi. Msomaji wa Kenya hana hakika hiyo. Mwili wa J. M. Kariuki ulipatikana katika milima ya Ngong Machi 1975, Bunge likaunda kamati, kamati ikatoa ripoti, na hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji yake. Robert Ouko aliuawa Februari 1990. Mpelelezi aliletwa kutoka Scotland Yard, kwa hiyo nchi ilipata kwa hakika kile ambacho riwaya hukitoa kwa ndoto. Tume ya uchunguzi iliyofuata ilivunjwa 1991 kabla ya kumaliza kazi. Kwa msomaji aliyeyashuhudia hayo, ukurasa wa mwisho ambao inspekta anamtia mwovu pingu na kila mtu anarudi nyumbani si faraja. Ni hadithi ya nchi nyingine.

Je, maana yake ni kwamba riwaya nzuri ya upelelezi haiwezekani hapa? La. Maana yake ni kwamba jibu la fumbo na kurejea kwa haki ni vitu viwili, na mwandishi asivifunge kwa kamba moja bila kufikiri. Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi aliliona hilo mwaka 1958 alipoandika riwaya ya mpelelezi aliyekuwa sahihi katika kila alilolifikiri, na bado akashindwa kwa sababu ya ajali ya barabarani. Hapa nyumbani mfano ulio karibu zaidi haupo kwenye rafu ya riwaya pendwa kabisa. Ni Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1977. Inaanza kama riwaya ya upelelezi hasa: matajiri watatu, Mzigo, Chui na Kimeria, wameteketea kwa moto, washukiwa ni Munira, Abdulla, Karega na Wanja, na Inspekta Godfrey anakusanya maelezo. Kanuni ya kitendawili inatimizwa. Inspekta anampata aliyewasha moto, na dalili zilikuwamo katika tabia ya Munira tangu alipoanza kuhubiri. Msomaji anajua zaidi, kwamba Kimeria alikuwa amekwisha kupigwa panga na Wanja kabla moto haujawaka. Faili linaweza kufungwa. Lakini kurasa zote za katikati, ambazo ni safari ya wanakijiji wa Ilmorog kwenda mjini wakati wa ukame, na barabara iliyoletwa baadaye, na kiwanda, na mashamba yaliyopotea kwa mikopo, zimekuwa zikikusanya ushahidi wa kesi nyingine ambayo Inspekta Godfrey hakutumwa kuipeleleza. Yeye anaamini utaratibu na mali na sheria, na kwa imani hiyo hawezi kuona kwamba waliouawa walikuwa na mashtaka yao.

Godfrey, kwa hiyo, ni Seif asiye na Bwana Msa. Amepewa jibu sahihi la swali dogo. Haielekei kwamba Ngũgĩ alikuwa akimfikiria Abdulla, wala riwaya hizi mbili hazifundishwi pamoja katika idara zetu. Moja huwekwa katika somo la fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza na nyingine katika somo la riwaya pendwa ya Kiswahili, ghorofa tofauti, wahadhiri tofauti. Mwanafunzi wa uzamili atakayezisoma sanjari, akianza na mwili ulio penye mzimu na kuendelea hadi nyumba iliyoteketea Ilmorog, atakuta kwamba katika zote mbili ardhi na mali zimo karibu na maiti, na kwamba katika zote mbili kuna watu wanaoona ni salama zaidi kutouliza ni nani anayeimiliki ardhi hiyo na aliipataje. Mzimu wa Watu wa Kale humwondoa mzuka penye maiti na kuuacha umiliki palepale. Petals of Blood haina mzuka wa kuondoa, na inauelekea umiliki moja kwa moja. Kazi ambayo bado haijaandikwa kwa Kiswahili ni ile itakayotega fumbo kwa uaminifu wa Abdulla, kwa nafsi ya tatu isiyo na jinsia na usiku wa Ijumaa wenye maana mbili, na kulielekeza kwenye swali ambalo Godfrey hakuulizwa.